ELIMU HAIRITHIWI KWA DAMU
Mlango wa watoto wa wahitimu katika vyuo vikuu vya Marekani, na funzo lake kwetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyewaumba wanadamu kwa asili moja na kuwafadhilisha kwa uchamungu wao, si kwa majina ya baba zao. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, imekuwa ada katika jamii yetu kuyataja majina ya vyuo vikuu vikubwa vya Marekani kwa heshima iliyopita kiasi. Ikisemwa kwamba fulani amesoma Harvard, Yale au Princeton, watu hunyamaza na kumsikiliza hata kabla hawajapima anachokisema. Tunaambiwa kwamba huko mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini huwekwa katika mizani moja, na aliyeshinda ameshinda kwa akili yake tu. Na kila tunapolalamika juu ya vimemo na kujuana katika nchi zetu, kidole huelekezwa huko, tukaambiwa: tazameni wenzenu walivyoendelea, wao hawaulizi wewe ni mtoto wa nani.

Tunasema kwa uwazi kwamba jambo hilo si kweli. Vingi katika vyuo hivyo vimekuwa vikiuliza, tena kwa maandishi, mwombaji ni mtoto wa nani; na jibu lake limekuwa na uzito mkubwa katika kuamua nani aingie na nani abaki nje. Hatupingi elimu inayotolewa huko, kwani hekima ni haki ya muumini popote aipatapo. Tunachopinga ni uongo wa kuita urithi kuwa ni ustahiki. Na tunalisema jambo hili kwa sababu ugonjwa huo huo unaweza kuingia, na kwa hakika umekwisha kuingia, katika nyumba zetu wenyewe.

MLANGO HUO NI UPI?

Kijana wa Marekani anapoomba nafasi ya chuo kikuu hujaza fomu ndefu. Pamoja na alama zake za shule, insha yake na barua za walimu wake, huulizwa baba yake na mama yake walisoma wapi. Katika vyuo vyenye desturi tunayoizungumzia, ikionekana kwamba mzazi alihitimu katika chuo hicho hicho, faili la kijana huwekwa alama. Kuanzia hapo, huyo hasomwi kama wengine. Yeye ni mrithi.

Watetezi wa desturi hii hupenda kusema kwamba alama hiyo ni kitu kidogo, kama unyoya uongezwao kwenye mizani iliyokwisha kulingana. Kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kuwajibu, kwa kuwa vyuo viliyafungia mafaili yao. Lakini Harvard iliposhitakiwa mwaka 2014, na kesi ikasikilizwa mwaka 2018, kumbukumbu za udahili wake zilifikishwa mbele ya mahakama, na pazia likapanda.

Kumbukumbu hizo zilionyesha nini? Katika kipindi cha miaka sita kilichochunguzwa, kati ya waombaji wasiokuwa watoto wa wahitimu walikubaliwa asilimia 5.9 tu. Kati ya watoto wa wahitimu walikubaliwa asilimia 33.6. Maana yake ni kwamba katika kila watoto mia wa wahitimu waliobisha hodi, thelathini na watatu walifunguliwa. Na katika kila mia ya wengine, hawakufika hata sita.

Wachumi watatu, Arcidiacono, Kinsler na Ransom, walizichambua kumbukumbu hizo na kutoa utafiti wao mwaka 2019. Wakayataja makundi manne ya waombaji wenye upendeleo: wanamichezo walioteuliwa na makocha, watoto wa wahitimu, watoto wa walimu na wafanyakazi wa chuo, na wale walioandikwa katika orodha maalumu ya mkuu wa udahili, ambayo ndani yake wamo jamaa wa watoaji wa fedha nyingi. Walikuta kwamba zaidi ya asilimia 43 ya wanafunzi Wazungu waliokubaliwa Harvard walipitia moja ya milango hiyo minne. Kwa Wamarekani Weusi, wenye asili ya Asia na wenye asili ya Kilatini, idadi hiyo haikufika asilimia 16 katika kundi lolote. Wakakadiria kwamba takriban robo tatu ya Wazungu hao wangekataliwa lau wangepimwa kama watu wengine.

Enyi ndugu, je, unyoya gani huu wenye uzito wa gunia?

CHANZO CHAKE

Ubaya wa jambo hujulikana vizuri zaidi unapotazamwa mzizi wake. Desturi hii haikuanza kwa sababu ya kupenda familia. Ilianza kwa sababu ya kuwachukia watu fulani.

Mwanzoni mwa karne iliyopita vyuo hivyo vilikuwa vikiwapokea karibu wote waliofaulu mtihani wa kuingia, na waliofanya mtihani walikuwa wachache, wengi wao wakiwa watoto wa matajiri wa Kiprotestanti. Kisha wakaja watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya ya Mashariki. Walikuwa maskini, lakini walisoma kwa bidii na wakafaulu. Kufikia mwaka 1922, mwanafunzi mmoja katika kila watano wanaoanza Harvard alikuwa Myahudi. Wakubwa wakaingiwa na hofu. Rais wa Harvard wa wakati huo, A. Lawrence Lowell, alipendekeza waziwazi kwamba Wayahudi wawekewe kiwango wasichokivuka. Pendekezo hilo lilizua kelele na likakataliwa kwa mdomo. Basi ikatafutwa njia ya kimyakimya.

Njia hiyo ilikuwa ni kuacha kupima elimu peke yake na kuanza kupima vitu visivyopimika: tabia, haiba, mahali mtu atokapo, na ukoo wake. Dartmouth iliandika mwaka 1922 kwamba itawapokea watoto wote wa wahitimu wake wanaofikia kiwango, na vyuo vingine vikafuata katika miaka hiyo hiyo. Haya ameyaeleza kwa urefu mwanasosholojia Jerome Karabel katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2005. Hakuna aliyehitaji tena kuandika kwamba Myahudi haruhusiwi. Ilitosha kuandika kwamba mtoto wa mhitimu hutangulizwa, kwa sababu baba wa Kiyahudi aliyeshuka melini juzi hakuwa mhitimu wa popote.

Sisi Waislamu tuna mengi ya kusema juu ya dhulma wanayofanyiwa ndugu zetu wa Palestina, na tutaendelea kuyasema. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura Al-Maida (5:8) kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Basi tunasema bila kigugumizi: vijana wale wa Kiyahudi wa mwaka 1922 walidhulumiwa, na chombo kilichotumika kuwadhulumu ndicho hiki tunachokizungumzia leo.

Wamarekani walikwisha kukijua chombo cha namna hii. Mwaka 1898 jimbo la Louisiana liliweka sheria kwamba asiyejua kusoma na asiye na mali hatapiga kura, isipokuwa kama baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya mwaka 1867. Neno "Mweusi" halikuwa na haja ya kutajwa katika kifungu hicho. Babu wa Mweusi alikuwa mtumwa, na mtumwa hakupiga kura. Kwa hiyo mjukuu alifungiwa mlango kwa kosa la babu yake kutiwa minyororo. Mahakama Kuu ya Marekani ilizibatilisha sheria za aina hiyo mwaka 1915. Sheria ya babu ikafa kwenye sanduku la kura, lakini miaka michache baadaye mfano wake ukazaliwa kwenye lango la chuo kikuu, na katika vyuo vingi ungali hai.

Hapa ndipo ulipo moyo wa makala haya. Upendeleo wa nasaba huichukua dhulma ya jana na kuigeuza kuwa sifa ya leo. Baba alizuiwa kusoma, mtoto anaambiwa, "Ungepewa nafasi, lakini baba yako hakusoma hapa." Je, sisi wa Afrika Mashariki tunahitaji kufafanuliwa hili? Katika enzi ya ukoloni sehemu kubwa ya shule za bara ilikuwa mikononi mwa wamisheni, na mzazi wa Kiislamu aliyehofia mwanawe kubadilishwa dini alimzuia nyumbani au akampeleka chuoni kusoma Qur'ani peke yake. Lau leo vyuo vyetu vikuu vingechagua wanafunzi kwa kutazama babu wa nani alisoma, ni watoto wa nani wangebaki barabarani? Sote tunalijua jibu.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

Ni haki ya mpinzani kusikilizwa kabla ya kujibiwa. Watetezi wa desturi hii wana hoja nne kubwa.

Kwanza, husema kwamba watoto wa wahitimu wamelelewa katika nyumba za elimu, kwa hiyo ni wazuri kwa nafsi zao na wangekubaliwa vyovyote iwavyo. Hoja hii ilipimwa. Mwezi Julai 2023 wachumi Raj Chetty na David Deming wa Harvard na John Friedman wa Brown walitoa utafiti juu ya vyuo 12 vinavyochagua kwa ukali zaidi. Walikuta kwamba, kwa alama zile zile za mtihani, mtoto wa familia iliyomo katika asilimia moja ya matajiri wa juu alikuwa na nafasi ya kusoma katika vyuo hivyo zaidi ya mara mbili ya mtoto wa familia ya kati, na sababu mojawapo kubwa ikawa ni huu upendeleo wa watoto wa wahitimu. Kisha wakauliza swali la busara: mtoto huyo wa mhitimu, akiomba chuo kingine cha daraja lile lile ambacho wazazi wake hawakusoma, hupata nini? Wakakuta kwamba huko faida yake karibu yote huyeyuka. Basi kama ni ubora wa nafsi yake, kwa nini ubora huo unaishia kwenye ukuta wa chuo cha baba?

Pili, husema kwamba wahitimu hutoa fedha, na fedha hizo huwasomesha maskini. Hii ndiyo hoja yao ya kweli, na nyingine zote ni mapambo yake. Jibu ni kwamba Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, iitwayo MIT, haina upendeleo huu, na haijafilisika. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliuacha mwaka 2014. Mwaka 2018 mhitimu wake tajiri, Michael Bloomberg, alikipa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya kuwasaidia wanafunzi. Na kati ya mwaka 2009 na 2019, sehemu ya watoto wa wahitimu miongoni mwa wanafunzi wapya hapo ilishuka kutoka asilimia 12.5 hadi 3.5, huku wanafunzi wa kipato cha chini wanaostahiki msaada wa serikali wakipanda kutoka asilimia 9 hadi 19. Ama Harvard, ina akiba inayozidi dola bilioni 50. Mwenye hazina ya namna hiyo hawezi kutuambia kwamba anauza viti kwa sababu ya njaa.

Na hebu tuitazame hoja yenyewe. Sadaka inayotolewa ili mtoto wa mtoaji apendelewe ina jina gani katika fiqhi? Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliwashitaki wazazi zaidi ya thelathini waliompa fedha dalali mmoja, Rick Singer, awaingizie watoto wao vyuoni kwa mitihani ya kughushi na kwa kuwahonga makocha. Singer alihukumiwa kifungo mwaka 2023. Dalali huyo alikuwa akiwaeleza wateja wake kwamba upo mlango wa mbele wa wanaostahiki, upo mlango wa nyuma wa wanaotoa michango mikubwa kwa chuo, na yeye amefungua mlango wa pembeni ulio rahisi zaidi. Wa pembeni akafungwa jela. Wa nyuma huandikwa jina lake juu ya jengo. Hatusemi kwamba hao wawili ni sawa mbele ya sheria ya Marekani. Tunasema kwamba anayeijua haki hapati taabu kuuona udugu wao.

Tatu, husema kwamba chuo ni kama familia, na desturi hii hujenga mapenzi kati ya vizazi. Tunauliza: je, Oxford na Cambridge hazina mapenzi ya vizazi? Vyuo hivyo vina mamia ya miaka, navyo havina kanuni ya kumwongezea mtoto wa mhitimu. Na tena, familia ambayo ufunguo wake huamua nani atakuwa jaji, seneta au mkuu wa kampuni si jambo la faragha. Utafiti ule ule wa mwaka 2023 ulieleza kwamba vyuo hivyo 12 husomesha chini ya nusu ya asilimia moja ya Wamarekani, lakini humo ndimo ilimotoka robo ya maseneta wao na robo tatu ya majaji wa Mahakama Kuu walioteuliwa katika nusu karne iliyopita. Mwenye kulinda lango la utawala ameshika amana ya watu wote.

Nne, na hii ndiyo hoja inayotuhusu zaidi, husema kwamba sasa Weusi, wahamiaji na Waislamu nao wamehitimu katika vyuo hivyo, na watoto wao wamefikia umri wa kuomba; kwa nini mlango ufungwe wakati ambapo zamu yetu imefika? Wapo ndugu zetu huko Amerika ya Kaskazini, wakiwemo waliotoka mwambao huu, ambao hoja hii inawavutia. Tunawaambia kwa mapenzi: huo ni mtego. Aliyedhulumiwa hapewi haki kwa kukabidhiwa fimbo ya aliyemdhulumu. Nyuma ya mtoto wako mwenye baba daktari amesimama mtoto wa mkimbizi wa Kisomali ambaye baba yake anaendesha teksi. Ukipita kwa jina lako, umempita yeye.

MWAKA 2023 NA YALIYOFUATA

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba vyuo visiupe uzito ukabila au rangi ya mwombaji katika udahili. Hatuingii hapa katika ubishi wa hukumu hiyo. Lakini kila mwenye macho aliona kilichofungwa na kilichoachwa wazi. Njia ambayo kwa miaka mingi iliwafaa Weusi ilizibwa, na njia iliyowafaa watoto wa wahitimu ikabaki kama ilivyo. Hata Jaji Gorsuch, aliyekuwa upande wa walioshinda, aliandika kwamba upendeleo huo wa Harvard huwanufaisha zaidi Wazungu na matajiri.

Siku chache baadaye, makundi matatu ya kijamii ya eneo la Boston na New England yaliishitaki Harvard kwa Wizara ya Elimu juu ya upendeleo wa watoto wa wahitimu na wa watoaji, na mwezi Julai 2023 wizara ikafungua uchunguzi. Ni vyema jamaa zetu wajue kwamba moja ya makundi hayo ni la wahamiaji wa Kiafrika. Watu wanyonge, wageni katika nchi, walisimama mbele ya chuo chenye jina kubwa kuliko vyote na kukiuliza: kwa haki gani?

Sauti hiyo haikupotea. Chuo cha Amherst kilikuwa kimekwisha kuiacha desturi hiyo mwaka 2021, na Wesleyan ikaiacha mwaka 2023. Jimbo la Colorado lilikuwa limeipiga marufuku katika vyuo vya umma mwaka 2021. Virginia ikafuata mwaka 2024. Mwaka huo huo Maryland na California zikapitisha sheria zinazogusa hata vyuo binafsi. Lakini tazameni jinsi nafsi inavyong'ang'ania: mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Stanford kiliona ni bora kujitoa katika fedha za jimbo la California zinazowasaidia wanafunzi wa kipato cha chini, kikisema pengo hilo kitaliziba kwa mfuko wake chenyewe, kuliko kuacha kuwatazama watoto wa wahitimu na watoaji. Chuo chenye hekima yote hiyo, kilipowekewa upande mmoja fedha za serikali na upande wa pili ukoo, kiliuchagua ukoo.

UISLAMU ULIKWISHA KULIMALIZA JAMBO HILI

Ndugu Waislamu, sisi hatukungoja wachumi wa mwaka 2023. Nabii Ibrahim (a.s.) alipofanywa kiongozi wa watu, alimuomba Mola wake uongozi huo uwafikie na kizazi chake, akajibiwa kwamba ahadi hiyo haiwafikii madhalimu (2:124). Hakuna ukoo mtukufu kuliko wa Ibrahim, na bado ukoo haukufanywa kuwa tiketi. Nabii Nuhu (a.s.) alimlilia mwanawe, akafundishwa kwamba huyo si katika watu wake kwa sababu ya matendo yake (11:46). Na Mtume wetu (s.a.w.) alipoelekea kwa wakubwa wa Kikuraishi akampa mgongo kipofu masikini aliyekuja kutafuta elimu, Abdallah bin Ummi Maktum (r.a.), ziliteremka aya za kumlaumu, nazo tunazisoma mpaka leo katika Sura Abasa. Tafakarini: lawama hiyo imeteremka juu ya suala la nani atangulizwe pale elimu inapogawanywa!

Mwanamke wa ukoo mkubwa wa Banu Makhzum alipoiba, jamaa zake walimtuma Usama bin Zayd (r.a.), kipenzi cha Mtume (s.a.w.), akamwombee. Hicho kilikuwa kimemo cha zama zile. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akaeleza kwamba waliotangulia waliangamia kwa kumwachia mtukufu na kumwadhibu mnyonge, akaapa kwamba hata angekuwa binti yake Fatima asingemwachia. Na huyo huyo Usama, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru, hajatimiza miaka ishirini, ndiye aliyepewa uamiri wa jeshi lililokuwa na wazee wa Kikuraishi ndani yake. Nasaba haikumzuia, na mapenzi hayakumpa ruhusa ya kuvunja haki. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akifa aliwateua watu sita wachague khalifa, akamruhusu mwanawe Abdallah kuhudhuria kwa ushauri tu, bila ya kuwa na sehemu katika uongozi. Na katika zama za Bani Umayya, mufti wa Makka alikuwa Ata bin Abi Rabah, mtu mweusi asiye na ukoo wa kujivunia, na watukufu wa Kiarabu walikaa mbele yake wakimuuliza dini yao.

Atauliza muulizaji: je, Uislamu haukuweka mirathi? Umeweka, tena kwa mafungu yaliyohesabiwa. Lakini mirathi ni ya mali. Nyumba, shamba na ng'ombe hurithiwa. Cheo hakirithiwi, na elimu haimo katika mafungu ya Sura An-Nisaa. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Manabii hawakuacha dinari wala dirham, bali waliacha elimu, na warithi wao ni wanavyuoni. Basi mrithi wa elimu ni yule aliyeitafuta, awe mtoto wa sheikh au mtoto wa mchukuzi.

NA SISI JE?

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukawacheka Wamarekani na kwenda zetu. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura An-Nisaa (4:135) tuwe mashahidi wa haki hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Sisi nasi tuna lango tunalolilinda. Kila mwaka zinakuja nafasi za ufadhili wa kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Kiislamu vya nchi za Kiarabu. Mwombaji hutakiwa kuleta tazkia, yaani ushahidi wa mwanachuoni au taasisi kwamba anamjua kwa dini na tabia. Sasa tuulizane kwa kweli: tangazo la nafasi hizo husomwa mbele ya jamaa wote baada ya sala ya Ijumaa, au hunong'onwa sebuleni? Kijana aliyehifadhi juzuu thelathini katika madrasa ya kijijini, ambaye baba yake ni mvuvi asiyejulikana na sheikh yeyote wa mjini, huipata wapi tazkia? Na mtoto wa mjumbe wa kamati, ambaye hata irabu zinamshinda, huipataje kabla fomu haijafika msikitini? Tumewasikia wazee wakisema, "Huyu ni mtoto wetu, baba yake ametutumikia." Ndugu zanguni, hayo ndiyo maneno ya Harvard yakisemwa kwa Kiswahili.

Tazkia ni ushahidi. Anayeshuhudia kwa sababu ya ukoo ameshuhudia uongo, na madhara yake hayamwishii kijana mmoja. Baada ya miaka minne anarudi asiyestahiki, anakabidhiwa mimbari na darasa, na umma mzima unalipa.

Kwa hiyo tunatoa wito ufuatao:

1. Kila nafasi ya masomo inayofika katika msikiti, madrasa au taasisi itangazwe hadharani, pamoja na sharti zake na siku ya mwisho.

2. Waombaji wapimwe kwa mtihani na usaili ulio mmoja, na karatasi zisahihishwe bila ya kuonyesha majina ya baba zao.

3. Mjumbe wa kamati mwenye mtoto au jamaa miongoni mwa waombaji atoke katika kikao hicho, kama Sayyidna Umar (r.a.) alivyomweka mwanawe kando.

4. Mtoto ambaye ni wa kwanza kusoma katika ukoo wake asaidiwe kujaza fomu, kutafuta vyeti na kujiandaa kwa usaili, kwa sababu hana nyumbani wa kumwelekeza.

5. Ndugu zetu waliohitimu katika vyuo vya Marekani vyenye desturi hii waviandikie vyuo vyao kuipinga. Sauti ya mhitimu ndiyo wanayoiogopa, kwa kuwa ni kwa jina lake wanafanya wanayoyafanya.

Siku ya Kiyama mtu atamkimbia ndugu yake, mama yake na baba yake, na hapatakuwa na lango la watoto wa wahitimu. Aliyezoea kupita duniani kwa jina la baba yake atasimama huko peke yake, na kitabu chake mkononi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusimamia uadilifu, awafungulie watoto wa wanyonge milango ya elimu yenye manufaa, na azitakase kamati zetu na nafsi zetu na upendeleo. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.